DIYA YA WALIOUAWA NA MABOMU: KUTOKA KHAYBAR MPAKA NAIROBI



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (ﷺ), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, leo sitazungumzia hukumu ya anayelipua watu. Hukumu yake tumeisema mara nyingi na iko wazi, hata kama wenyewe walidai wanautetea Uislamu. Leo nataka tumtazame yule anayesahauliwa kamera zikishaondoka: mjane, yatima, na aliyetoka nyumbani asubuhi anaona akarudishwa jioni akiwa kipofu. Huyu nani anamlipa? Anamlipa kwa msingi gani? Na je, jambo hili ni sheria za Wazungu zilizokuja juzi tu, au na sisi tumeachiwa kitu na waliotutangulia?

Tuanzie Khaybar.

Swahaba mmoja wa Kiansari, Abdullah bin Sahl (r.a.), alikwenda Khaybar pamoja na jamaa yake Muhayyisa. Wakaachana katika shughuli zao. Muhayyisa aliporudi akamkuta mwenzake ameuawa, damu imemtapakaa. Hakuna aliyeona. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (ﷺ) wakiwatuhumu Mayahudi wa Khaybar, kwa kuwa ndio waliokuwa wenyeji wa mahali pale. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (ﷺ) akawauliza kama wako tayari kuapa viapo hamsini juu ya mtu wanayemtuhumu. Wakasema, tutaapaje juu ya jambo ambalo hatukulishuhudia? Akawaambia, basi Mayahudi wataapa viapo hamsini kwamba hawakuua. Wakakataa, wakasema viapo vyao hawaviamini.

Angalia hapa, ndugu yangu. Kesi imekwama. Hakuna shahidi, hakuna kiapo, hakuna muuaji. Kiongozi mwingine angesema: faili lifungwe, Mungu awape subira. Mtume (ﷺ) akalipa diya ngamia mia moja, na katika baadhi ya riwaya imetajwa kuwa walikuwa ngamia wa sadaka, yaani mali ya umma. Sahl bin Abi Hathma, aliyeipokea habari hii, anaongeza jambo dogo ambalo mimi hulipenda sana: anasema alipigwa teke na mmoja wa ngamia hao. Hakusikia tu kwamba fidia itatolewa. Ngamia walifika nyumbani, akawaona kwa macho, na mmoja akampiga teke. Wangapi leo wameahidiwa fidia na hawajapata kupigwa teke na ngamia hata mmoja?

Kisa cha pili ni cha mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka. Khalid bin al-Walid (r.a.) alitumwa kwa Bani Jadhima kuwalingania, hakutumwa kupigana. Wale watu walitamka kusilimu kwa maneno ambayo Khalid hakuyakubali, wakauawa baadhi yao. Habari ilipomfikia Mtume (ﷺ) aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Allah na kitendo kile. Wengi wetu tunakijua kisa mpaka hapo. Wanazuoni wa sira wanaendelea: akamtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali. Ali akalipa diya za waliouawa, kisha akalipa vilivyoharibika, hadi chombo cha kunyweshea mbwa maji. Akawauliza kama kuna damu au mali iliyobaki haijalipwa. Wakasema hakuna. Mali ilikuwa imebaki mkononi mwake, akawapa yote, kwa ajili ya hasara ambazo wao wenyewe huenda hawazijui bado. Mtume (ﷺ) akamsifu kwa alivyofanya.

Na kabla ya hapo, mwaka wa 4, Amr bin Umayya al-Damri (r.a.) aliponusurika katika msiba wa Bi'r Ma'una, alikutana njiani na watu wawili wa Bani Amir akawaua, akidhani analipiza wenzake. Hakujua kwamba wawili hao walikuwa na ahadi ya amani kutoka kwa Mtume (ﷺ). Hawakuwa Waislamu. Mtume (ﷺ) alisema atalipa diya yao, na safari ya kwenda kwa Bani Nadhir ilikuwa kwa ajili ya kuchangisha malipo hayo. Nalitaja hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba asiyekuwa Muislamu damu yake haina mdai. Rudi kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 92, uone inavyoamrisha diya kwa jamaa za aliyeuawa kwa makosa, hata akiwa ni wa watu ambao mna mkataba nao.

Kutokana na visa kama hivi mafaqihi walijenga ngazi tatu. Aliyeua kwa kukusudia, dhima iko juu yake na mali yake. Aliyeua kwa makosa, jamaa zake wa kiumeni, wanaoitwa aqila, wanachangia diya kidogo kidogo kwa miaka mitatu ili mzigo usimwangamize mtu mmoja. Umar (r.a.) alipoanzisha daftari la askari, Mahanafi wanasema waliosajiliwa katika daftari moja wakawa aqila wa wenzao, badala ya ukoo. Na pale ambapo muuaji hajulikani, Baytul Mal inabeba. Imepokewa kwamba Ali alimshauri Umar hivyo kuhusu mtu aliyekufa katika msongamano wa watu wakati wa Hija: damu ya Muislamu haiachwi ikapotea bure. Kuna tofauti za madhehebu katika tafsili, na sitakuficha kwamba walitofautiana pia katika kiwango cha diya ya mwanamke na ya asiyekuwa Muislamu. Abu Hanifa aliisawazisha ya dhimmi na ya Muislamu, wengine wakaipunguza. Lakini tajiri na maskini, mkuu wa kabila na mchunga mbuzi, hawa wote diya yao ni moja.

Sasa njoo nami Nairobi.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi. Lori lenye mabomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Kwanza kulikuwa na risasi na mlipuko mdogo. Watu katika majengo ya jirani wakasogea madirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu kubwa likalipuka na vioo vikawaingia usoni. Ndiyo sababu msiba ule uliacha vipofu wengi. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makatibu muhtasi, liliporomoka lote. Siku kadhaa waokoaji walizungumza na mwanamke aliyekuwa chini ya kifusi, akiwajibu, na akafa kabla hawajamfikia. Waliokufa Nairobi ni 213. Dakika chache tu zikitenganisha, Dar es Salaam nako kukalipuka, wakafa 11. Kule boza la maji la ubalozi lilikuwa getini, likalizuia lori la mabomu lisiingie ndani, likapokea sehemu kubwa ya mlipuko. Waliojeruhiwa katika miji miwili walipita 4,500.

Katika wale 213 wa Nairobi, wafanyakazi wa ubalozi walikuwa 44: Wamarekani 12 na wenyeji 32. Shika hesabu hii, tutaihitaji. Wengine 169 walikuwa wapita njia, wanafunzi, wafanyakazi wa benki ya ushirika iliyokuwa jirani, abiria ndani ya mabasi, watu waliokuja mjini kwa shughuli zao.

Serikali ya Marekani ilitoa misaada. Tuwe waadilifu, ilitoa: matibabu, ada za shule za mayatima, mafunzo kwa waliopofuka, ukarabati wa majengo. Lakini ilisema wazi kuwa huo ni msaada wa kibinadamu, siyo fidia. Unaona tofauti yake? Msaada ni hisani, mtoaji anaamua kiasi gani na lini aache. Fidia ni haki, mwenyewe anaidai.

Wahanga wa Kenya wakaidai. Hoja yao haikuwa ndogo. Balozi mwenyewe wa Marekani, Prudence Bushnell, alikuwa ameandika Washington kabla ya shambulio akilalamika kwamba jengo liko barabarani mno na si salama. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Januari 1999 ilikiri kwamba serikali ilizembea katika kulinda balozi zake. Maelfu ya Wakenya wakafungua kesi Washington: mlijua hatari, mkaiweka katikati ya mji wetu. Kesi ikatupwa, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikathibitisha kutupwa kwake. Sababu kubwa: uamuzi wa serikali juu ya namna ya kulinda ubalozi ni wa hiari yake ya kisera, na sheria yao hairuhusu serikali ishtakiwe kwa uamuzi wa namna hiyo. Mlango ukafungwa.

Ukabaki mlango mwingine, nao ulikuwa mwembamba. Mwaka 1996 Marekani ilikuwa imebadilisha sheria ili raia wake waweze kuzishtaki nchi ambazo Washington imeziweka katika orodha ya wafadhili wa ugaidi. Mwaka 2008 sheria ikapanuliwa, wakaingizwa na wafanyakazi wa serikali ya Marekani hata kama si raia. Sudan ilikuwa katika orodha hiyo tangu 1993, na Osama bin Laden alikaa huko kuanzia 1991 hadi 1996. Basi familia za Wamarekani, pamoja na wafanyakazi wenyeji wa balozi mbili na familia zao, wakaishtaki Sudan na Iran. Mwaka 2011 jaji akaamua kwamba nchi zote mbili zinawajibika. Hukumu zilipojumlishwa, Sudan ikadaiwa zaidi ya dola bilioni 10, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata faini za adhabu zilizokuwa ndani yake, kama dola bilioni 4.3, zinaweza kutozwa.

Mwanafunzi wa chuo cha makatibu hakuwamo. Abiria wa basi hakuwamo. Sheria ilimtazama aliyekuwa na kitambulisho cha ubalozi. Bomu halikumwuliza mtu kitambulisho.

Fedha zenyewe zilipatikanaje? Hapa historia inauma pande mbili. Bashir aliangushwa Aprili 2019. Serikali mpya ya kiraia iliyomfuata ilikuta hazina tupu, bei za vyakula zinapanda kila wiki, na 2020 mafuriko makubwa yakaja juu yake. Ilitaka kutoka katika orodha ile ili iweze kupata mikopo na biashara. Sharti likawa ilipe dola milioni 335. Ilizikusanya, ikaziweka katika akaunti maalumu, Desemba 2020 ikaondolewa kwenye orodha, na Machi 2021 Marekani ikatangaza kuwa imezipokea. Milioni 335 kwa deni la zaidi ya bilioni 10 ni kama senti tatu kwa kila dola. Na waliolipa ni nani? Ni mama muuza chai wa Khartoum, aliyetawaliwa na Bashir kwa miaka thelathini bila kuulizwa kama anamtaka Osama awe jirani yake. Utasema: lakini hata aqila hulipa na hakuua. Kweli. Ila aqila wa kifiqhi hulipa kwa kosa lisilokusudiwa, na mafukara miongoni mwao husamehewa. Mimi binafsi nimelifikiria jambo hili muda mrefu na naona haki ya mjane wa Dar es Salaam na dhulma kwa Msudani maskini zilikaa katika hundi moja.

Kisha ikaja kugawa. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati ule, familia ya Mmarekani aliyeuawa ilipangiwa kama dola milioni 10, na familia ya mfanyakazi mwenyeji aliyeuawa kama dola 800,000. Ofisi moja, bomu moja, dakika moja. Wale waliokuwa wageni siku ya shambulio wakaja kupata uraia wa Marekani baadaye walilalamika, Bunge la Marekani likaongeza dola milioni 150 kwa ajili yao. Aliyebaki Mkenya au Mtanzania akabaki na chake.

Usidhani kwamba wao kwa wao walikuwa sawa. Baada ya Septemba 11, 2001, Bunge lao lilianzisha mfuko wa fidia, aliyeukubali akaacha haki ya kuyashtaki mashirika ya ndege. Mfuko ulilipa zaidi ya dola bilioni 7. Na ulikadiria kwa mapato ya marehemu: kuna familia iliyopata dola 250,000 na kuna iliyopita milioni 7. Aliyeusimamia, Kenneth Feinberg, aliandika baadaye kwamba lau ingelikuwa hiari yake angewapa wote sawasawa. Alilifikia hilo baada ya kukaa na wafiwa mmoja mmoja. Kumbuka nilichokuambia juu ya mkuu wa kabila na mchunga mbuzi.

Na kwa kuwa tumetaja Bani Jadhima, tusimruke mwingine. Tarehe 20 Agosti 1998, siku kumi na tatu tu baada ya mabomu yale, makombora ya Marekani yaliteketeza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kwa madai kwamba kinahusiana na silaha za kemikali na Osama. Madai hayo hayakupata kuthibitishwa. Mwenye kiwanda alidai fidia ya dola milioni 50 mahakamani kwao. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema hayo ni mambo ya kisiasa, mahakama haiingii. Kile chombo cha mbwa, ndugu yangu, kililipwa.

Wako waliofanya vizuri zaidi, na Muislamu haoni aibu kusema hivyo. Ufaransa, miaka ya 1980, ilikuwa ikipigwa mabomu mara kwa mara. Mwanamke mmoja, Françoise Rudetzki, alijeruhiwa vibaya katika mlipuko wa mgahawa Paris Desemba 1983, akakuta hakuna sheria inayomtambua. Akaanzisha chama cha wahanga, akasumbua wanasiasa, mpaka tarehe 9 Septemba 1986 sheria ikapitishwa na mfuko ukaundwa. Mfuko ule haungoji muuaji akamatwe, wala haungoji nchi fulani iwekwe kwenye orodha. Anayeumizwa na ugaidi katika ardhi ya Ufaransa analipwa, awe Mfaransa au mgeni. Na fedha zinatoka wapi? Kila mkataba wa bima ya mali unakatwa tozo ndogo kwa mwaka. Mwenye nyumba analipa, mwenye duka analipa, mwenye gari analipa. Nikisoma hivyo namkumbuka Umar na daftari lake.

Kwetu? Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014, na ndani yake umetajwa mfuko. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, yakatokea ya Chuo Kikuu cha Garissa. Kuhusu wale wa 1998, Seneti ya Kenya iliunda kamati maalumu ya kuwasikiliza, zaidi ya robo karne baadaye. Wapo waliofika mbele yake wakiwa wazee, na wapo ambao hawakuwahi.

Nimalizie na jambo la kifiqhi ambalo linatugusa moja kwa moja, kwa sababu fedha zikifika, fitna hufika nazo.

Malipo ya mtu aliyejeruhiwa, jicho lake au mguu wake, ni yake mwenyewe. Si ya kaka zake wala ya ukoo. Malipo ya aliyeuawa, yakiwa yametolewa kama diya, huingia katika mirathi: madeni yake yanalipwa kwanza, kisha wasia, kisha warithi kwa mafungu yao. Ikiwa hati ya fidia imewataja wanufaika kwa majina, au fedha ni msaada wa serikali kwa mtu maalumu, hukumu inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo mpelekee kadhi au shekhe wako hati zenyewe azisome, usimsimulie tu kwa mdomo.

Na mke? Nauliza kwa sababu ndugu wa marehemu wengi husema fedha ya damu ni ya watu wa damu, mke ni mtu wa nje. Fahamu kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) mwenyewe aliwahi kuona hivyo. Alikuwa akisema diya ni ya aqila, kwa kuwa wao ndio wanaochangia, na mke harithi kitu katika diya ya mumewe. Akasimama al-Dhahhak bin Sufyan (r.a.) akamwambia kwamba Mtume (ﷺ) alimwandikia ampe mke wa Ashyam al-Dhibabi mirathi yake katika diya ya mumewe. Habari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Umar alikuwa Amirul Muuminin, na aliyemkosoa alikuwa mtu wa jangwani. Akaiacha rai yake palepale, na mjane akapewa fungu lake.

Wallahu a'lam.